Aneurin Bevan na Maana ya Neno Bure: Maisha ya Mbunge katika Mjadala wa Huduma za Umma na Kodi

1.0 Utangulizi

Neno bure katika Kiswahili lina maana mbili ambazo mzungumzaji huzitofautisha kwa muktadha tu. Kitu kinachotolewa bure ni kile kinachopatikana pasipo malipo. Kazi iliyofanywa bure yaweza kuwa ile iliyofanywa pasipo ujira, lakini pia yaweza kuwa ile iliyopotea pasipo faida. Maana hizi mbili zinakaa jirani, na ujirani wake hauishii katika lugha. Katika mabunge ya nchi nyingi, hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya huduma za umma zisizolipiwa ni kwamba kilichopatikana bila malipo hakithaminiwi, hutumiwa ovyo, na hatimaye huwa hasara kwa taifa zima. Kwa maneno mengine, cha bure kwa maana ya kwanza huishia kuwa bure kwa maana ya pili.

Makala haya yanaeleza maisha ya Aneurin Bevan (1897–1960), mbunge na waziri wa Uingereza aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuipinga hoja hiyo. Bevan anafahamika zaidi kama mwanzilishi wa Huduma ya Taifa ya Afya, iliyoanza kazi tarehe 5 Julai 1948. Lisilozungumzwa sana ni kwamba hata miaka mitatu haikutimia kabla hajajiuzulu uwaziri kwa sababu ya nusu ya bei ya meno ya bandia na miwani. Kwa wengi waliokuwapo, na kwa baadhi ya wanahistoria waliofuata, uamuzi ule ulikuwa wa hasira na kiburi. Hasira ilikuwapo, na kiburi hali kadhalika. Hata hivyo, uamuzi wenyewe hauwezi kueleweka barabara bila kufahamu maana aliyoipa dhana ya huduma isiyolipiwa, wala maana hiyo haiwezi kufahamika bila kurejea katika mji wa wachimba makaa alikozaliwa.

2.0 Tredegar: Mgodi, Maktaba na Kigugumizi

Bevan alizaliwa tarehe 15 Novemba 1897 katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales, akiwa mmoja wa watoto kumi wa David na Phoebe Bevan. Si wote waliofikia utu uzima. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, mpenzi wa vitabu na muziki, na msemaji wa Kiwelisi. Mama yake alikuwa mshonaji. Mwana alipewa jina la Kiwelisi lakini alikulia katika Kiingereza, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa mabonde yale ambako viwanda na migodi vilikuwa vikiirudisha nyuma lugha ya wazee. Akiwa na umri wa miaka 13 aliacha shule na kuingia mgodini.

Tangu utotoni Bevan alikuwa na kigugumizi. Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa lugha, kwani ndilo lililomfanya awe msemaji wa aina aliyokuja kuwa. Katika maktaba ya wafanyakazi ya Tredegar, ambayo wachimbaji wenyewe waliigharimia, alisoma kwa kiu na kukusanya msamiati. Alipohisi kwamba neno fulani litamkwama kinywani, alilikwepa kwa kutumia jingine lenye maana iliyolikaribia. Mazoea hayo yalimlazimu kupima tofauti ndogondogo kati ya maneno ambayo wengine huyaona kuwa ni mamoja. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Kati cha Labour mjini London kati ya mwaka 1919 na 1921, kwa ufadhili wa chama cha wachimba makaa wa Wales Kusini, alijizoeza kukariri matini ndefu kwa sauti hadi ulimi ukamtii. Kigugumizi hakikumtoka kabisa. Kilibaki katika vituo vya ghafla ndani ya hotuba zake, na wasikilizaji walivichukulia vituo hivyo kuwa ni ufundi.

Kitu cha pili alichokipata Tredegar kilikuwa mfano wa taasisi. Tangu miaka ya 1890 palikuwa na Chama cha Wafanyakazi cha Msaada wa Matibabu. Wachimbaji walikatwa sehemu ndogo ya kila pauni ya mshahara, na kwa makato hayo chama kiliajiri madaktari, kikaendesha hospitali na kuwahudumia wanachama pamoja na jamaa zao. Mwandishi A. J. Cronin alifanya kazi ya udaktari huko mwanzoni mwa miaka ya 1920, na riwaya yake ya mwaka 1937, The Citadel, ilitokana kwa sehemu na aliyoyaona. Bevan aliingia katika kamati ya hospitali ya mji katika miaka hiyohiyo ya 1920. Wakati huo sehemu kubwa sana ya wakazi wa Tredegar walikuwa wakipata matibabu kwa utaratibu huu.

Utaratibu huo ulikuwa na sifa mbili ambazo Bevan hakuzisahau. Kwanza, kwa kuwa makato yalihesabiwa kwa pauni, aliyepata mshahara mkubwa zaidi alitoa zaidi, ilhali matibabu yalikuwa yaleyale kwa wote. Pili, malipo yalifanyika wakati mtu akiwa mzima na kazini. Siku ya kuugua, au ya kuletwa kutoka mgodini juu ya machela, hapakuwa na fedha ya kudaiwa mlangoni. Mtu wa nje angeweza kusema kwamba watu wa Tredegar walitibiwa bure. Wao wenyewe walijua kwamba walikwisha kulipa.

3.0 Kipimo cha Kipato

Aliporudi Tredegar mwaka 1921, Bevan hakupata kazi kwa muda wa takriban miaka mitatu. Wenye migodi walimfahamu kama mchochezi: akiwa na umri wa miaka 19 tu alikuwa ameongoza tawi la chama cha wachimbaji. Katika kipindi hicho alionja mwenyewe utaratibu ambao miaka michache baadaye angeupinga bungeni. Posho yake ya asiye na kazi ilikatwa kwa hoja kwamba dada yake, aliyeishi nyumba moja naye, alikuwa na mshahara. Kwa mujibu wa sheria, mtu mzima wa kiume alitakiwa kumtegemea dada yake ili hazina ya serikali ipumue.

Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu uliosababishwa na vumbi la makaa. Familia haikupata fidia, kwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa haujaingizwa katika orodha ya magonjwa ya kazini yaliyotambuliwa na sheria. David Bevan alikuwa amelipa kwa mwili wake katika muda wote wa kazi, na taifa lililotumia makaa yake halikuwa na safu ya kuliandika deni hilo.

Bevan alikuwa amekwisha kuingia katika siasa za mji. Alichaguliwa katika baraza la mji wa Tredegar mwaka 1922, katika baraza la wilaya ya Monmouthshire mwaka 1928, na mwaka 1929 akawa mbunge wa Ebbw Vale, kiti alichokishikilia hadi kufa kwake. Mwaka 1931, katikati ya mdororo wa uchumi, serikali ilianzisha kipimo cha kipato kwa watu waliokaa muda mrefu bila kazi. Ofisa aliingia nyumbani, akahesabu mishahara ya watoto, akiba na hata samani, kisha akaamua kama familia ilistahili msaada. Bevan alisimama mara nyingi katika Bunge la Makabwela kuupinga utaratibu huo. Hoja yake haikuwa kwamba kiasi kilichotolewa ni kidogo tu. Alidai kwamba msaada unaotolewa kwa sharti la kuthibitisha ufukara unamwondolea mtu uraia wake kabla ya kumpa mkate. Aidha, unawagawa wananchi katika makundi mawili, la wanaotoa kodi wakinung’unika na la wanaopokea wakiona haya, na huduma inayotegemea kundi la kwanza kuliridhia kundi la pili haiwezi kudumu.

Hakuwa mwanachama mtiifu. Mwaka 1934 alimwoa Jennie Lee, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto kama yeye. Mwaka 1939 alifukuzwa chamani kwa kuunga mkono ushirikiano na vyama vingine dhidi ya ufashisti, akarejeshwa kabla ya mwaka kwisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa miongoni mwa wabunge wachache waliomkosoa Winston Churchill waziwazi, na kuanzia mwaka 1941 hadi 1945 alilihariri gazeti la Tribune. Kwa hiyo, Clement Attlee alipomteua kuwa Waziri wa Afya baada ya ushindi wa Labour wa Julai 1945, wengi walishangaa. Bevan alikuwa na umri wa miaka 47 na hakuwahi kushika wadhifa wowote serikalini.

4.0 Mjadala wa Mwaka 1946

Hali ya matibabu aliyoikuta ilikuwa ya viraka. Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 iliwapatia wafanyakazi wa kipato cha chini daktari, lakini haikuwagusa wake na watoto wao. Hospitali zilikuwa za aina mbili: za hisani, zilizotegemea michango na wasia wa matajiri, na za mabaraza ya miji, ambazo nyingi zilitokana na nyumba za kuwahifadhia mafukara. Mahali penye matajiri wengi palikuwa na hospitali nzuri, na mahali penye wagonjwa wengi mara nyingi hapakuwa nazo.

Ripoti ya William Beveridge ya Desemba 1942 ilikuwa imekwisha kulifanya wazo la huduma ya afya kwa wote likubalike hata nje ya Labour. Mabishano ya mwaka 1946, kwa hiyo, hayakuhusu kama pawe na huduma. Yalihusu mambo mawili: nani azimiliki hospitali, na fedha zitoke wapi.

Kuhusu la kwanza, upinzani ulianzia ndani ya Baraza la Mawaziri. Herbert Morrison, aliyelea serikali ya mitaa ya London kwa miaka mingi, alitaka hospitali zibaki mikononi mwa mabaraza. Bevan alijibu kwa hoja ya kodi. Mabaraza yaliendeshwa kwa kodi ya majengo, na baraza la mji maskini, hata likitoza kiwango cha juu, lisingeweza kukusanya kiasi kilichokusanywa na mji tajiri kwa kiwango cha chini. Ubora wa matibabu ungeendelea kufuata thamani ya nyumba za mtaa. Njia pekee ya kusawazisha ilikuwa kuzifanya hospitali zote kuwa za taifa na kuzigharimia kutoka hazina moja. Attlee aliafiki.

Kuhusu la pili, wengi walidhani kwamba huduma mpya ingelipiwa kwa bima, kila mtu akichangia kiasi kilekile kwa wiki. Bevan aliikataa njia hiyo kuwa msingi, ingawa sehemu ndogo ya fedha iliendelea kutoka katika mfuko wa bima. Bima ya kiwango kimoja, alidai, humtoza kibarua sawa na mkurugenzi. Zaidi ya hayo, bima huzaa swali la nani amechangia na nani hajachangia, na swali hilo halina nafasi kando ya kitanda cha mgonjwa. Haiwezekani daktari apasue tumbo la mmoja kwa uangalifu na la mwingine kwa ulegevu kwa kutazama kadi zao za michango. Kodi ya mapato, inayoongezeka kadiri kipato kinavyoongezeka, ilitimiza kwa taifa zima kile ambacho makato ya pauni yalikitimiza Tredegar.

Mswada ulisomwa mara ya pili katika mjadala wa siku tatu ulioanza tarehe 30 Aprili 1946. Wahafidhina, wakiongozwa na wasemaji kama Richard Law na Henry Willink, aliyekuwa Waziri wa Afya kabla ya Bevan, hawakudai kwamba maskini waachwe bila matibabu. Walidai kwamba kuzitaifisha hospitali za hisani kutaua moyo wa kujitolea, kutavunja uhusiano wa hospitali na jamii yake, na kutamfanya daktari kuwa karani wa serikali. Hoja hizo zilikuwa na uzito, na Bevan hakuzidharau zote. Alizijibu kwa kuonyesha kwamba hisani iliyosifiwa ilikuwa imewaacha wananchi wengi bila hospitali iliyo karibu, na kwamba si heshima kwa muuguzi kupita mitaani na kikopo cha kuchangisha. Wahafidhina walipiga kura ya kupinga. Wingi wa Labour ukaupitisha mswada, ukawa sheria Novemba 1946.

5.0 Madaktari

Sheria ilipatikana, ila madaktari bado. Chama cha Madaktari wa Uingereza kiliendesha kampeni kali, na katika kura ya maoni ya wanachama wake ya Februari 1948 waliokataa walikuwa takriban tisa kwa kila mmoja aliyekubali. Hapa ndipo Bevan mpatanishi alipoonekana, tofauti na taswira ya mkorofi iliyokuwa imezoeleka. Aliwaruhusu mabingwa wa hospitali kuendelea na wagonjwa wa kulipia na kuwa na vitanda vyao ndani ya hospitali za umma. Kisha, Aprili 1948, aliwahakikishia madaktari wa kawaida kwamba hawangefanywa waajiriwa wa mshahara. Baadhi ya wenzake wa kushoto waliyaona makubaliano hayo kuwa usaliti. Kwa hakika vitanda vya kulipia vilikuwa doa katika kanuni aliyoihubiri, naye alilijua hilo. Alichokikataa kabisa kilikuwa kimoja: mgonjwa wa huduma ya umma kudaiwa fedha kwa ajili ya kumwona daktari.

Usiku wa kuamkia siku ya uzinduzi, tarehe 4 Julai 1948, ulimi uliomjenga ulimponza. Akihutubia mkutano mjini Manchester, alikumbuka miaka yake ya ukosefu wa kazi na kuwafananisha Wahafidhina na viumbe waharibifu wa kuangamizwa. Magazeti hayakumsamehe. Mtu aliyezoea kupima tofauti ndogondogo za maneno alikuwa amechagua neno lisilopima chochote, na wapinzani walilitumia kwa miaka mingi kumwonyesha kuwa ni mtu wa chuki. Hata hivyo, kesho yake huduma ilianza, na watu wakajitokeza kwa wingi.

6.0 Meno na Miwani

Wingi huo ndio uliozaa mgogoro. Katika mwaka wa kwanza zilitolewa jozi za miwani zaidi ya milioni 5, na madaktari wa meno walizidiwa na kazi. Makadirio ya matumizi yalipitwa, na serikali ikalazimika kurudi bungeni kuomba fedha za nyongeza. Wapinzani walisema kwamba walikwisha kuonya: kitu cha bure hakina kikomo cha kutakiwa. Bevan alisisitiza kwamba haja hiyo haikuzaliwa na sheria. Wazee waliokuwa wakichagua miwani iliyokwisha kutumika katika meza za maduka ya bei rahisi, na wanawake waliong’olewa meno bila kuwekewa mengine, walikuwapo tangu zamani, ila hawakuwa wamehesabiwa.

Lakini yeye mwenyewe aliufungua mlango. Mwaka 1949, chini ya shinikizo la Waziri wa Fedha Stafford Cripps, alikubali sheria iliyoipa serikali uwezo wa kutoza shilingi moja kwa kila cheti cha dawa, akaitetea bungeni. Alitumaini kwamba uwezo huo hautatumiwa kamwe, na maadamu alikuwa Waziri wa Afya haukutumiwa. Mwaandika maisha yake hawezi kuiruka hatua hii. Bevan aliyeshikilia kanuni mwaka 1951 alikuwa ameilegeza miaka miwili kabla, na wapinzani wake ndani ya chama walikuwa na haki ya kumkumbusha.

Vita vya Korea vilibadili hesabu. Serikali iliahidi kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika muda wa miaka mitatu. Hugh Gaitskell, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu Oktoba 1950, aliwasilisha bajeti yake tarehe 10 Aprili 1951. Haikuwa bajeti ya kuwapendelea matajiri: kodi ya mapato ilipandishwa kutoka shilingi 9 hadi shilingi 9 na peni 6 kwa kila pauni, na wazee waliongezewa pensheni. Lakini ilikuwamo pia hatua ya kuwatoza wagonjwa nusu ya gharama ya meno ya bandia na miwani, ili kuokoa pauni milioni 13 katika mwaka ule. Gaitskell alijenga hoja kwamba fedha za afya lazima ziwe na ukomo, kwamba meno na miwani si suala la kufa na kupona, na kwamba asiye na uwezo angeweza kusaidiwa na Bodi ya Taifa ya Misaada.

Kwa Bevan, aliyekuwa amehamishiwa Wizara ya Kazi Januari mwaka huo, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Kusaidiwa na Bodi kulimaanisha kuthibitisha ufukara, na kipimo cha kipato, kilichokuwa kimetolewa kwa mlango wa mbele, kilikuwa kinarejea kupitia dukani kwa mtengeneza miwani. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno kuweza kuiokoa hazina, na kwa hiyo, kwa maoni yake, kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa ni kanuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkikubali kwamba meno yalipiwe, ni hoja gani itakayozuia dawa zisilipiwe, na baada ya dawa, kitanda? Alijiuzulu, na Harold Wilson na John Freeman wakamfuata. Attlee, ambaye pengine angepatanisha, alikuwa amelazwa hospitalini.

Hotuba yake ya kujieleza bungeni tarehe 23 Aprili 1951 haikufaulu. Sehemu yake kubwa ilidai kwamba fedha za silaha hazingeweza kutumika zote kwa kuwa malighafi na mashine hazikuwapo. Dai hilo lilikuja kuonekana kuwa sahihi, kwani serikali ya Churchill iliyoingia madarakani Oktoba mwaka huohuo iliupunguza kasi mpango wenyewe. Lakini siku ile wabunge walisikia uchungu zaidi ya hoja. Walijua kwamba aliutamani wadhifa aliopewa Gaitskell, kijana wake wa miaka minane na mgeni bungeni tangu 1945 tu. Alikaa chini katikati ya ukimya wa wenzake.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuzipima pauni milioni 13 kwa kipimo cha karibu. Januari mwaka huohuo wa 1951 serikali hiyohiyo ilikuwa imetangaza kuachana na mpango wake wa karanga katika Tanganyika, pale Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kufuta deni la zaidi ya pauni milioni 36. Fedha hizo zilikuwa za fungu jingine, na Bevan alikuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri katika miaka yote ya mpango huo. Hata hivyo, ulinganisho unaonyesha kwamba hazina iliweza kuvumilia hasara karibu mara tatu ya kile ilichokitafuta mdomoni na machoni pa wagonjwa. Unaonyesha pia mpaka wa kanuni yenyewe: huduma kwa wote iliishia kwenye fukwe za Uingereza, na haikuwafikia waliofyeka vichaka vya Kongwa.

7.0 Miaka ya Mwisho

Yaliyofuata hayakuwa na ushindi. Labour ilishindwa katika uchaguzi wa Oktoba 1951, na wengi walimlaumu Bevan. Mwaka 1952 serikali ya Wahafidhina ilianza kutoza ile shilingi ya cheti cha dawa, kwa kutumia uwezo uliotolewa na sheria ya 1949, ikaongeza na malipo ya matibabu ya meno. Ufa ulikuwa umepanuka kama alivyotabiri, na sehemu ya nyundo ilikuwa yake.

Mwaka huo huo alitoa kitabu chake, In Place of Fear, ambamo alitetea huduma ya afya kwa utulivu ambao hotuba yake ilikosa. Miongoni mwa hoja alizozishughulikia ni lalamiko kwamba wageni kutoka nje walitibiwa kwa fedha za walipa kodi. Alieleza kwamba kuwachuja wageni kungemlazimu kila raia kubeba kitambulisho, na kungegharimu zaidi ya kilichookolewa; isitoshe, mgeni huanza kuchangia hazina ya taifa pindi anaponunua kinywaji au tumbaku inayotozwa ushuru.

Mwezi Januari 1956 kamati huru iliyoongozwa na mchumi C. W. Guillebaud, ambayo serikali ya Wahafidhina iliiunda kuchunguza gharama za huduma hiyo, ilitoa ripoti yake. Ilionekana kwamba sehemu ya pato la taifa iliyotumika kwa huduma haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 3.75 mwaka 1949/50 hadi asilimia 3.25 mwaka 1953/54. Hofu kwamba kitu cha bure kingelifilisi taifa haikuwa na msingi katika tarakimu. Ripoti ilikuja kwa kuchelewa. Desemba 1955, mwezi mmoja tu kabla, Bevan alikuwa ameshindwa na Gaitskell katika kinyang’anyiro cha uongozi wa chama, kwa kura 70 dhidi ya 157.

Wawili hao walipatana kwa tahadhari. Bevan akawa msemaji wa chama kuhusu mambo ya nje, akasifiwa hata na wapinzani kwa hotuba zake juu ya uvamizi wa Suez mwaka 1956. Mwaka uliofuata aliwavunja moyo wafuasi wake kwa kukataa Uingereza iache silaha za nyuklia peke yake. Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa naibu kiongozi wa chama. Alifariki kwa saratani tarehe 6 Julai 1960, siku moja baada ya huduma aliyoianzisha kutimiza miaka 12. Majivu yake yalitawanywa katika vilima vilivyo juu ya Tredegar.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Bevan yanaonyesha kwamba mjadala kuhusu huduma za umma ni, kwa kiasi kikubwa, mjadala kuhusu maana. Wapinzani wake walilitumia neno bure kumaanisha kitu kisicho na mlipaji. Yeye alilitumia kumaanisha kitu ambacho malipo yake yametenganishwa na matumizi yake: mtu hulipa kwa kadiri ya uwezo, wakati akiwa na uwezo, na hutumia kwa kadiri ya haja, wakati wa haja. Kodi inayopanda na kipato ndiyo inayoziweka mbali nyakati hizo mbili. Malipo ya mlangoni, hata yawe ya shilingi moja, huzikutanisha tena, na huzikutanisha siku ambayo mtu ana nguvu kidogo kuliko siku nyingine yoyote.

Fikra hizi hazikubaki Uingereza. Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, yaani katika miaka ileile ambamo huduma mpya ilikuwa ikijadiliwa. Nchi za Afrika Mashariki nazo zilikuja kuyajadili masuala yaleyale kwa Kiswahili, hasa Kenya ilipoanza kutoza malipo katika hospitali za umma mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1993. Neno lililoteuliwa wakati huo, uchangiaji, linastahili kuchunguzwa na wanaisimu. Linamchukulia mgonjwa kana kwamba hajachangia kitu hadi anapofika dirishani, ilhali alikwisha kuchangia katika kila kilo ya sukari iliyotozwa kodi.

Je, Bevan alijiuzulu bure? Malipo aliyoyapinga hayakuondolewa kwa ajili yake, chama chake kiligawanyika, na uongozi ukampita. Wales, nchi aliyozaliwa, ilifuta malipo ya vyeti vya dawa mwaka 2007; England iliendelea kuyatoza. Lakini kitu alichokiogopa zaidi, yaani mgonjwa kutozwa fedha ili amwone daktari au alazwe, hakikufuata baada ya meno, miwani na dawa. Kila serikali iliyofikiria hatua hiyo ilijua kwamba kwa ajili ya pauni milioni 13 tu waziri aliwahi kukiacha kiti chake, na ililazimika kujiuliza hatua kubwa zaidi ingegharimu nini.